Mama Monitrisi Hakutupa Kipande

Kabla ya kukata kitambaa, Mama Monitrisi alikizunguka kwanza. Alikitandaza mezani, akakilaza kwa kiganja, kisha akatembea taratibu kuizunguka meza, mikono nyuma, kama mtu anayekagua kiwanja anachotaka kukinunua. Sisi wanafunzi wake tulisimama ukutani tukisubiri, na mara nyingine tuliona miguu inatuuma sisi kabla ya yeye kuchoka. Halafu aliokota makasi na kukata bila kusita. Alipomaliza, mabaki yote yalienea katika kiganja kimoja.

Monitrisi ndivyo tunavyowaita huku Lubumbashi wanawake wanaofundisha kushona katika foye, zile nyumba za mafunzo za wasichana ambao wazazi wao walishindwa kuwasomesha. Foye yetu ilikuwa chumba kirefu nyuma ya parokia, katika Kenya, komini mojawapo ya mji huu, chenye mashini za kukanyaga kwa mguu na dirisha moja kubwa lililotazama soko. Jina la ubatizo la Mama Monitrisi nililijua, ila sikuwahi kulitamka. Hata mumewe alimwita Monitrisi. Niliingia pale nikiwa msichana, mtoto wa fundi wa reli, nikakaa miaka mingi, kwanza mwanafunzi, baadaye msaidizi wake.

Hakuwa mpole. Sifa alizitoa kwa shida, na akikusifu alitazama pembeni, kama aliyetoa kitu ambacho atakihitaji kesho. Maneno yake yalikuwa machache na aliyarudia mpaka tukayaota. "Makasi hairudiake nyuma," alisema kila asubuhi. Na kingine: "Kitambaa iko na njia yake. Ukiikatia njia, itapigana na wewe mpaka siku itapasuka." Njia ni mwelekeo wa nyuzi. Alitaka tupange vipande vya karatasi juu ya kitambaa, mkono wa blauzi ndani ya shingo ya gauni, kola katika pengo la kwapa, tuvigeuze na kuvisogeza mpaka visiachiane nafasi ya kidole. Mwanafunzi aliyekata ovyo hakuchapwa. Alibaki foye wenzake wakienda, mpaka ayageuze mabaki yake kuwa kitu: kofia ya mtoto mchanga, mfuko wa aproni, kitambaa cha kushikia sufuria. Wengi wetu tulijifunza kukata vizuri kwa sababu ya njaa ya saa nane.

Kulikuwa na msichana mmoja, Ngalula, wa familia iliyotoka Kasai, mwepesi wa mikono kuliko sisi sote na wa ulimi pia. Siku moja aliharibu mkato wa sketi akaficha mabaki ndani ya sidiria ili asibakizwe. Mama Monitrisi alipita nyuma yake, akasimama, akamwambia kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba anaona kifua chake kimeanza kuota nyuzi. Tulicheka mpaka mafundi wa nje wakaja kuchungulia. Ngalula mwenyewe alicheka kuliko wote, akavitoa, akaketi kushona kofia. Kuanzia siku ile walipendana wale wawili, kwa namna yao ya kurushiana maneno.

Nyumbani kwake, Kamalondo, nilikwenda mara nyingi kumbebea mizigo. Ilikuwa nyumba ya zamani ya matofali, vyumba viwili na sebule, na kila mahali palisimama magunia ya unga yaliyojazwa mabaki. Aliyapanga kwa ukubwa. Vipande vikubwa vilingoja kuwa kola na mifuko. Vyembamba vilisukwa mikeka ya kufutia miguu. Vidogo kabisa vilijazwa mito, na nyuzi zilizokatika zilijazwa ndani ya mito midogo ya kuchomekea sindano. Mumewe, mstaafu wa reli, mtu mnene mwenye utani, alilalamika kwamba magunia yanaingia nyumbani na hakuna linalotoka. Aliniambia anaogopa kufa, maana mkewe atamkata suruali akiwa bado na joto. Mama Monitrisi alimsikia kutoka jikoni, akajibu kwamba suruali ile imeshaisha matakoni, haina faida kwake.

Lakini usidhani alikuwa mchoyo wa kila kitu. Chai yake aliitia sukari vijiko vingi kupita kiasi na hakuikoroga vizuri, kisha akaacha sukari nzito chini ya kikombe na kuimwaga uani. Tulipomtania, alisema kila mtu ana dhambi moja ambayo Mungu anaifumbia macho. Na kwa wafu hakubana kitu. Mtoto mchanga wa jirani alipofariki, mama wa marehemu alikuja kuomba kipande kidogo tu cha kumfunikia, chochote kilichobaki. Mama Monitrisi alifungua sanduku, akatoa kitenge kipya alichonunuliwa na mumewe kwa ajili ya Pasaka, bado kimekunjwa kama kilivyotoka dukani, akakitoa kizima. Nilimsaidia kumvisha yule mtoto. Kitambaa kilimzunguka mara nyingi, kikawa kikubwa kuliko yeye. Nikasema labda tukate nusu. Alinitazama kwa namna ambayo sikuthubutu kurudia. "Muntu anaendaka mara moja," alisema.

Nikiwa msaidizi wake, kazi ilianza kukauka. Nguo za mitumba zilikuwapo tangu zamani, lakini sasa ziliingia kwa malori kutoka mpakani, na pamoja nazo nguo mpya za bei rahisi kutoka mbali. Mama aliyekuwa akileta kitenge kushonewa alianza kununua gauni lililokamilika, akalivaa mpaka lifumuke, akalitupa. Mama Monitrisi hakuwalaumu. Alituambia tukajifunze kufumua. Tulinunua mashati makubwa ya mitumba, tukayafumua mshono kwa mshono, tukayakata upya yawe ya watoto. Kwa muda ilitusaidia.

Kisha marobota yenyewe yakabadilika. Alikuwa akishika shati, akilivuta taratibu kati ya vidole gumba, na kuliweka chini. Alisema zamani zililetwa nguo ambazo watu wamechoka kuzivaa, na siku hizi zinaletwa nguo ambazo zenyewe zimechoka. Pasi ya makala, yaani ya mkaa, ikizigusa, zinayeyuka na kunuka plastiki. Wauzaji pale sokoni walichagua zile za juu, na zilizobaki chini ya robota walizisukumia mtaroni. Mvua ilipokuja, mitaro ya Kenya ilijaa, maji yakaingia majumbani, na watu waliovuta uchafu kwa vijiti walitoa suruali, sweta na mikono ya makoti. Mama Monitrisi aliingia mtaroni na viatu vya mpira, akaokota. Alizifua, akazianika, akazigeuza huku na huku kwenye meza. Nilimwona akizunguka rundo lile kama alivyokuwa akizunguka kitambaa kipya, na mwisho akaketi bila kugusa makasi. Hakukuwa na cha kukata. Ila hakuzirudisha mtaroni. Zilikwenda Kamalondo, ndani ya magunia mapya.

Ni wakati ule ndipo habari ya salopeti ilipotufikia. Muumini mmoja wa parokia alifanya kazi katika kampuni ya madini nje ya mji, akasimulia baada ya misa kwamba nguo zao za kazi, zile salopeti za bulu za pamba nzito, zikichakaa kidogo zinachomwa moto shimoni. Mama Monitrisi alimshika mkono yule mtu na kumwuliza mara mbili kama amesikia vizuri. Pamba nzito. Ya bulu. Watoto wa shule hapa huvaa bulu na nyeupe, na kila mwaka shule zinapofunguliwa wapo wanaorudishwa getini kwa kukosa kaptula. Sote tuliona anachokiona.

Alikwenda kwenye lango la kampuni ile zaidi ya mara moja, amevaa nguo zake za Jumapili, akasimama juani na walinzi. Mwishowe bwana mmoja wa ofisini alimsikiliza, na lori likaleta magunia ya salopeti mpaka foye. Siku ile alicheza. Mimi sikuwahi kumwona akicheza, hata arusini. Alishika salopeti moja kwa mabega, akazunguka nayo katikati ya mashini, na Ngalula, ambaye sasa alikuwa mama wa mtoto na bado anashona nasi, akampigia makofi.

Tulizifua uani kwa sabuni nyingi ndani ya mapipa, mara ya kwanza, ya pili na ya tatu, mpaka mikono ikakunjamana. Maji kwetu ni ya kupanga foleni, na yeye hakumwaga maji bure tangu nimjue. Yale tuliyofulia aliyabeba kwa ndoo hadi kwenye matuta yake ya lengalenga nyuma ya foye, mboga tulizokula mchana na bukari, ugali wetu. Baada ya majuma machache majani yakawa ya manjano, yakajikunja. Alisema ni baridi ya kiangazi, maana kwetu kiangazi ndio msimu wa baridi. Sisi pia tulisema ni baridi.

Kaptula zilikuwa nzuri. Nasema hivyo hata leo. Mishono mara mbili, mifuko imara, kiuno chenye nafasi ya kupanua mtoto akikua. Kwa kila salopeti alipata kaptula mbili, na kutoka mikono ya nguo hiyo alitoa mfuko wa daftari. Hakubakiza hata vifungo. Wa kwanza kuvaa alikuwa Kabeya, mtoto wa Ngalula, kisha watoto wa wale waliokosa kabisa. Asubuhi ya kufungua shule tulisimama dirishani tukawaangalia wakipita, na Mama Monitrisi akasema, akitazama pembeni, kwamba tumefanya vizuri.

Mikono yetu ilikuwa imeshaanza kuwasha. Tulilaumu sabuni. Halafu Ngalula akasema Kabeya hajatulia, anajikuna mapaja kutwa. Pale mshono ulipomgusa, ngozi ikawa nyekundu, ikavimba, ikafunguka vidonda. Tukampeleka zahanati, Mama Monitrisi, Ngalula na mimi. Muuguzi alimwangalia mtoto, kisha akaiangalia kaptula iliyokuwa juu ya kiti, akaiokota kwa ncha za vidole na kuuliza kitambaa kimetoka wapi. Tulimwambia. Ndugu yake alifanya kazi kiwandani kule, alisema. Wafanyakazi wanazivua nguo zile palepale kabla ya kurudi nyumbani, kwa sababu ya asidi na vumbi la madini. Ndiyo maana zinachomwa.

"Hii haitokake na sabuni," alisema. "Hata mufule mwaka muzima."

Mama Monitrisi aliuliza kuhusu mboga zilizomwagiwa maji. Muuguzi aliuliza kama tumezila. Tulikuwa tumezila.

Mama Monitrisi alianza kukusanya kaptula kesho yake. Nilifuatana naye nyumba kwa nyumba, mitaa ya Kenya, yeye mbele na gunia tupu begani. Nilidhani kazi itakuwa kuwaeleza watu, na kwamba wakielewa watatoa. Walielewa. Wengine walitoa, wakanuna. Wengi walikataa. Alikuwako mama mmoja muuza makala, amekaa mlangoni, mtoto wake yuko shule muda huohuo na kaptula ile. Alimsikiliza Mama Monitrisi mpaka mwisho, bila kumkatiza.

"Mama, akiivaa, anajikuna ku masomo," akasema. "Ukiikamata, atajikuna hapa ku nyumba. Uko na ingine ya kumupa?"

Hakuwa nayo. Hatukuwa na kitambaa kingine foye nzima, wala njia ya kukipata. Alisimama pale na gunia lake, na mimi nilimshika kiwiko tukaondoka.

Kwa Ngalula alikwenda peke yake, ila nilimfuata na kumkuta amepiga magoti juu ya sakafu, jambo ambalo mtu wa umri wake hapaswi kumfanyia kijana. Kabeya alikuwa amelala kitandani, mapaja yamepakwa dawa nyeupe. Ngalula alimwinua, akamketisha, akampa maji. Hakupandisha sauti. Yule msichana wa ulimi mrefu akampangusa mtoto midomo kwanza.

"Mama, ulitufundisha kutumia yote," alisema mwishowe. "Kukataa, haukutufundisha."

Hakurudi foye tena. Kabeya alipona ngozi, ikabaki na mabaka, lakini kikohozi kilichoanza miezi ile hakikuondoka, na hakuna aliyeweza kutuambia kama ni vumbi lile au ni vumbi la mji mzima. Familia ilihamia Lukafu kulima, kwa ndugu wa mume, na nilisikia tu kwa watu wanaoleta mahindi kwamba mtoto bado anakohoa.

Mama Monitrisi alirudi kwa kampuni kuomba wazichukue salopeti zile na kaptula zilizorudishwa. Safari hii walinzi hawakumruhusu kuvuka kivuli cha lango. Aliambiwa kwamba nguo zilishatolewa zawadi, na zawadi hairudi. Padri alikataa zichomwe uani kwa parokia, na alikuwa na haki, moshi ungeingia darasani. Kuzifukia ilikuwa kupeleka sumu kwenye visima vya watu. Kuzitupa jalalani ilikuwa kuwapa waokotaji, na waokotaji wangeziuza sokoni kesho yake. Maisha yake yote alikuwa na mahali pa kila kipande. Kwa hizi hakukuwa na mahali. Alizifunga kwenye magunia na kuzipeleka Kamalondo, katika chumba cha pili, akafunga mlango kwa kufuli.

Foye haikudumu baada ya hapo. Wazazi waliwatoa mabinti zao, na chumba kikakodishwa kwa watu wanaokodisha viti vya sherehe. Mimi nilipata kazi katika duka la nguo zilizotengenezwa, ninazitoa kwenye plastiki na kuzitundika. Zile zinazofumuka kabla hazijauzwa tunazitupa.

Mumewe, yule mzee wa reli, alifariki mwaka uliofuata. Baada ya mazishi nilipungukiwa na ujasiri wa kwenda kule, au muda, sijui. Nilikwenda kiangazi hiki, Jumapili moja ya baridi. Nilimkuta sebuleni ameketi kwenye kiti cha mbao, shali mabegani, mgongo ameuegemeza mlango wa chumba cha pili. Alikuwa amekonda. Mashini yake haikuwapo. Magunia ya vipande vyema, ya kola na ya mito, aliyagawa yote, na sebule ilionekana kubwa kama ya mtu mwingine.

Tulizungumza juu ya watoto wake walioko Likasi. Wanamwita akakae nao, wamemwandalia chumba, kila mwezi wanatuma mtu kumshawishi. Nikamwambia aende, kuna joto la wajukuu. Akasema hawezi. Akihama, nyumba itakodishwa, na mpangaji ataifungua kufuli.

Tukiwa bado tunazungumza, mwanamke alibisha hodi. Ni jirani, wa upande wa pili wa barabara, ana binti mgongoni na mwingine mkononi. Alisalimia kwa heshima, akasema shule zinakaribia, na amesikia kwamba Mama ana kitambaa cha bulu kigumu. Hata kilichochakaa kitamfaa.

"Hakuna," alisema Mama Monitrisi.

Yule mwanamke alitazama mlango nyuma ya kiti, akatazama kufuli. Aliaga. Akiwa bado hajafika barabarani tulimsikia akimwambia binti yake kwamba wazee wengine wanataka kuzikwa na mali zao.

Nikamwuliza kwa nini hakumwambia ukweli. Alinieleza bila hasira. Mwanzoni alikuwa akiwaambia wote. Wengine walidhani anadanganya ili auze ghali. Waliomwamini walikuwa wabaya zaidi, maana walirudi wakasema afadhali sumu kuliko uchi. Pasaka akiwa misani, watu walivunja dirisha la nyuma wakatoa magunia mawili. Mwezi huohuo aliona kaptula zikiuzwa Kenya, zimeshonwa vibaya, kitambaa kimekatiwa njia. Tangu hapo haendi misani. Padri humletea komunyo nyumbani akipata nafasi.

 Nilikuwa nimekuja na wazo la kumwomba anifundishie wasichana wawili wa mtaani kwangu, jioni, kukata tu, hata kwa karatasi. Nilimwambia hata hivyo. Aliitazama mikono yake kama anayeihurumia, akasema mikono ingali inajua, ila yeye hajui tena awaambie nini.

Jua lilikuwa limeshaanza kulala juu ya mabati. Nilisimama kuaga na kumwuliza swali nililokuwa nalo tangu nimeingia: akiondoka yeye, siku ile ambayo sote tunaondoka, ni nani atakaa hapo.

"Njo maana nazeeka polepole, mwana," alisema.

Alinisindikiza mpaka kizingitini tu. Nilipofika barabarani niligeuka kumpungia, lakini alikuwa ameshaingia. Nilisikia kiti kikiburutwa sakafuni, kikirudishwa mlangoni.